Nani Alisema Nerima Aache Mpira

Habari ya kuachishwa mpira Nerima hakuambiwa uso kwa uso. Aliisikia akiwa jikoni kwa mamake, ghorofa ya tatu, mtaa wa Huruma, ameshika sinia la vikombe, mlango wa sebuleni ukiwa umeachwa wazi kidogo ili moshi wa kukaanga upate njia.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Asubuhi yake alikuwa uwanjani kama kila wikendi, akiwafundisha watoto wa miaka minne hadi sita kuujua mpira, na vumbi la huko alikuwa ameliogea mara mbili ili wazee wa Otiende wamkute aking'aa. Alivaa gauni la kitenge alilochaguliwa na dadake Mourine. Moyo wake ulikuwa mweupe pe. Mwanamume aliyempenda alikuwa amekuja na watu wake kujitambulisha kwao, na siku kama hiyo msichana hahisi hata njaa.

Mnajua siku hizo zinavyokwenda. Kijana anayetaka kuoa huletwa, hukalishwa, hutazamwa, lakini neno hasemi. Anayesema ni msemaji wa ukoo, na kwa akina Otiende msemaji alikuwa baba yake mdogo, Mzee Jackton, mstaafu wa reli, mtu mwenye sauti ya kanisani na maneno mengi kuliko meno. Msichana naye hukaa jikoni mpaka aitwe, aulizwe swali moja tu mbele ya wote: hawa wageni unawajua? Akisema nawajua, chai inamiminwa na kuku analetwa mezani. Hakuna anayetazamia aseme hapana, kwa sababu wageni wenyewe ni yeye aliyewaita.

Mzee Jackton alikuwa amefika karibu na mwisho wa hotuba yake.

"Sasa liko jambo moja dogo, ndugu zangu," alisema. "Tumesikia binti yenu ana shughuli ya wikendi, ya kukimbizana na watoto wa watu vumbini, na bukta. Kijana wetu ametuhakikishia hayo yamekwisha. Akiingia kwetu, mpira anaacha. Tumeona tulitaje mapema tusije tukalaumiana mbele."

"Kama wameelewana wenyewe, sisi ni nani?" alijibu Mzee Wanyonyi, baba yake Nerima, ingawa sauti yake ilikuwa na mshangao ndani.

Jikoni Mourine alimgeukia dadake na mwiko mkononi. "Ati nini? Wewe ulikubali hiyo lini?"

"Sikukubali."

"Lakini mliongea?"

"Hatukuongea. Ndiyo nasikia sasa, pamoja na wewe na hilo karai."

"Basi huyo mzee amejitungia tu. Si unajua wazee wakishapata kiti."

"Mzee Jackton hajawahi kuniona," Nerima alisema polepole. "Habari ya bukta amepewa na nani?"

Aliliweka sinia chini, akachungulia. Otiende alikuwa ameketi katikati ya mama yake na shangazi yake, suti ya bluu, mabega mapana, ule uso ambao Nerima alikuwa akiulalia kila usiku kwenye simu. Mila inamkataza kijana kusema, sawa. Lakini mila haimkatazi kukohoa. Haimkatazi kutikisa kichwa, wala kuinua macho kuelekea mlango wa jikoni ili mpenzi wake ajue kwamba naye ameshtuka. Nerima alimngoja afanye hata kimoja kati ya hivyo. Otiende alinyoosha tai yake, akayatazama magoti yake. Hapo Nerima akajua.

Kumbe alikuwa amezungumzwa, amepangwa, amekatwa kipande na kuahidiwa watu, na yeye yuko jikoni anawapangia vikombe.

"Nerima," baba aliita. "Njoo, mwanangu."

Alitoka, akasimama mbele yao, akawasalimu wazee kwa mikono miwili mmoja mmoja kama alivyolelewa. Alipomfikia Otiende, alimpita.

"Mwanangu," alisema Mzee Wanyonyi, akitabasamu kwa sababu hii ndiyo sehemu tamu, "nyumba yetu imepata wageni. Hawa wageni unawajua?"

"Wazee nawaheshimu, baba. Akina mama pia, karibuni sana." Akamgeukia Otiende. "Lakini huyo kijana wa suti ya bluu, huyo simjui."

Shangazi yake Otiende alishika kifua. Mzee Jackton alifungua kinywa na kwa mara ya kwanza mchana ule hakikutoka kitu. Mama Otiende alimtazama Nerima kwa macho makavu, kisha akamtazama mwanawe, kisha akachukua mkoba wake. Ukoo mzima uliteremka ghorofa tatu bila kuonja chai, na majirani walikuwa wametoka kwenye ngazi kuwapisha, maana Huruma hakuna siri yenye mlango.

"Umetuvua nguo, Nerima," mama yake alilia.

"Mimi ndiye niliyevuliwa, mama," Nerima alijibu, naye akalia.

*

Jumapili baada ya kanisa uwanja wa shule ulio nyuma ya maghorofa ulijaa watoto. Wengine walikuja na nguo za ibada, mama zao wakiwafukuza na bukta mkononi. Macho ya Nerima yalikuwa yamevimba lakini filimbi ilikuwa shingoni. Mtoto wa miaka mitano hajui mambo ya posa. Anajua leo ni siku ya mpira, na kocha akikosa kuja ataulizwa mbele ya watu.

"Ungepumzika leo," aliambiwa na Kavata, kocha mwenzake, mwanamke mnene mwenye mbio za kushangaza. "Ningewabeba peke yangu."

"Nikipumzika watasema nimekwisha kuacha."

"Hapo ni kweli. Basi kuwa mwewe."

Nerima alikuwa na njia yake ya kufundisha, na waliozoea mpira wa wakubwa walipofika pale walianza kwa kucheka. Hapakuwa na magoli. Hapakuwa na timu mbili wala mshindi. Kila mtoto alipewa mpira wake, wa dukani kama upo, wa makaratasi na kamba kama haupo, na kwa majuma ya mwanzo hakuambiwa aupige. Aliambiwa autembeze kama anavyomtembeza mdogo wake: asimwache nyuma, asimkimbize mbele mno, na mwewe akija, amkinge. Mwewe alikuwa Nerima mwenyewe. Alitandaza mikono, akawafukuza, akatambaa, akajiangusha makusudi, na wale wadogo walimgeuzia migongo kuuficha mpira huku wakipiga kelele za furaha. Wazazi nao walikuwa na sheria moja tu: wabaki nyuma ya yale matairi yaliyozikwa nusu, na wasimwambie mtoto la kufanya. Baba mmoja aliyezoea kufoka "piga, piga wewe" alishawahi kupelekwa akangoje nje ya lango.

Hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia. Otiende alikuja mara ya kwanza amemleta mpwa wake, Amondi, mtoto aliyekuwa akiishi na nyanya yake, yaani mama yake Otiende. Amondi alikuwa amemkumbatia mjomba wake mguu na hataki kuachia.

"Ingia naye basi," Nerima alimwambia.

"Mimi? Na viatu hivi?"

"Kama viatu ni muhimu, mrudishe mtoto nyumbani."

Yule bwana wa ofisini akaingia na viatu vyake vya kung'aa, akatembeza mpira wa makaratasi huku mtoto akiburutwa mguuni, mpaka mtoto mwenyewe akaona mjomba haujui mpira, akaachia mguu ili amwonyeshe. Otiende alipoinua macho alikuta Nerima anamtazama. Mtazamo ule haukuwa wa mwalimu kwa mzazi. Tangu siku hiyo alikuja kila wikendi, hata zile wikendi ambazo Amondi alikuwa na homa yuko kitandani.

Ndiyo maana Nerima alipomwona leo anaingia langoni, amemshika Amondi mkono, alijikuta amepiga hatua mbili kumwendea. Mwili ni mjinga. Kichwa kimekasirika, moyo umekasirika, lakini mwili unasema huyo amekuja.

"Kochi Nerima," Amondi alipaza sauti, akamwachia mjomba, akakimbilia mipira.

"Nerima," alisema Otiende. "Tuongee."

"Wazazi ni nyuma ya matairi."

"Tafadhali."

"Sheria unaijua."

Otiende akaenda nyuma ya matairi. Alisimama pale kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mmoja aliyekuwa akisinzia, na Nerima akaendelea kuwa mwewe. Aliwafukuza watoto mpaka koo likakauka. Kila akigeuka, macho ya Otiende yalikuwa juu yake, yale macho mapole yenye kuomba, na kila akiyaona alikasirika upya, kwa kuwa alitamani kuyajibu. Mwishowe Kavata alichoka kuwatazama.

"Nenda umsikilize huyo mtu," alimnong'oneza, "au umfukuze. Unawatisha watoto. Mwewe wa leo ana machozi."

Nerima alimpa filimbi, akaenda kusimama kando ya ukuta wa shule. Otiende akamfuata.

"Jana umeniua," alianza.

"Afadhali wewe umeuawa ukiwa umekaa kwenye kiti. Mimi nilichinjwa nikiwa jikoni."

"Ungeniita pembeni. Ungenitumia hata meseji. Mbele ya wazee, Nerima? Mama hajala tangu jana."

"Na mimi ulinitumia meseji? 'Mpenzi, kesho wazee watatangaza umeacha kazi unayoipenda, vaa vizuri.' Uliituma? Nionyeshe, labda simu yangu ina kasoro."

"Usinikejeli."

"Nitakukejeli, Otiende. Nimekesha nikilia, sasa ni zamu ya kukukejeli."

Otiende alipitisha mkono usoni. Alikuwa na mikono mizuri, huyo mtu, na Nerima aliyaondoa macho yake kwenye ile mikono kwa lazima.

"Mzee Jackton alisema umewahakikishia," aliendelea. "Sema ndiyo au hapana. Uliwahakikishia?"

"Nilisema kitu kama hicho."

"Kwa nini?"

"Ni mama."

"Mama amefanya nini?"

"Unamjua mama yangu, ni mtu wa kanisa, mtu wa zamani. Hataki kusikia mkamwana wake anatambaa uwanjani na bukta. Kwake Jumamosi ni ya wageni na Jumapili ni ya Mungu. Aliniapia kabisa kwamba kama hutaacha, hatoki nyumbani kuja kwenu. Sasa ningefanya nini? Nilitaka wazee watoke. Nilitaka nikuoe. Nikamwambia sawa, ataacha. Nikajua tukishaoana tutalainisha mambo polepole."

"Polepole ni lini?"

"Baadaye."

"Baada ya mtoto wa kwanza? Baada ya wa tatu? Au siku magoti yangu yatakapokataa yenyewe?"

"Nerima, nakupenda."

"Najua." Na alijua, hilo ndilo lililomuuma. "Lakini umenipenda ukaniahidi kwa watu bila mimi kuwepo. Hata mbuzi akiuzwa anapelekwa sokoni aone. Hawa watoto unawaona? Yule pale mwenye kaptula ya manjano alikuwa haongei na mtu. Yule mwingine alikuwa akiogopa mpira kama nyoka. Hakuna anayenilazimisha kuja hapa, Otiende. Nikiwa hapa ndipo najijua mimi ni nani. Na wewe ulinipendea hapa hapa, ukiwa na vumbi mpaka kwenye soksi. Nikiacha, utakuwa umemuoa nani?"

Otiende alinyoosha mkono amguse bega. Nerima hakurudi nyuma, na hakusogea mbele.

"Mama yako ndiye tatizo," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Hiyo nitaielewa. Mama ni mama. Ungeniambia, ningekwenda kwake mwenyewe, nikaketi chini, nikamweleza. Nisingeogopa kuonyeshwa mlango. Ningeanza hata na chai."

"Ungemkasirisha zaidi."

"Huwezi kujua."

"Namjua mama yangu."

"Basi si huyo anakuja," alisema Nerima.

Otiende akageuka. Mama Otiende alikuwa amepita lango, mwanamke mrefu mwenye kilemba cheupe cha kanisani na mkoba chini ya kwapa, anakata uwanja katikati bila habari ya matairi wala sheria ya wazazi, na watoto wanampisha na mipira yao. Rangi ilimtoka Otiende usoni. Nerima aliiona ikitoka, akadhani ni heshima.

"Mama, ungepiga simu," Otiende alisema haraka. "Hapa si mahali. Twende nikupeleke nyumbani."

"Nimekuja kwa miguu yangu, nitarudi kwa miguu yangu. Sikuja kwako." Alimgeukia Nerima. "Binti, Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana, mama. Karibu."

"Sikaribii, nina kinyongo. Nimekuja bila wazee kwa sababu wazee wanazunguka mbuyu. Mimi nataka kuuliza kama mama. Mwanangu alikukosea nini? Umeniketisha kwa baba yako, nimevaa nguo yangu ya Pasaka, nimesali safari nzima mambo yaende vizuri, kisha unasema mtoto wangu humjui. Hata mbwa wa jirani mtu anasema anamjua."

"Mama, nakuomba radhi kwa aibu ile. Kwa hilo napiga magoti. Lakini mama, na wewe uniwie radhi, mliniumiza."

"Tulikuumiza kwa lipi?"

"Kuniachisha mpira."

Mama Otiende alikunja uso. "Nani amekuachisha?"

"Mama, jua ni kali," alisema Otiende. "Twendeni kivulini kwanza."

"Nyamaza. Nani amekuachisha, binti?"

"Wewe, mama," Nerima alisema kwa sauti ndogo. "Nimeambiwa uliapa hutoki nyumbani mpaka nikubali kuacha."

"Niliapa?" Mama Otiende aliuweka mkoba wake chini, vumbini, na mtu aliyemjua angeshtuka kwa hilo peke yake. "Mimi? Binti, sikiliza. Huyo mtoto Amondi, mgeni akibisha hodi alikuwa anaingia chini ya meza. Nilimpeleka kwa daktari, nikampeleka kwa mchungaji. Sasa anafungua mlango mwenyewe na kusema karibu, halafu anamwonyesha mgeni mpira wake wa makaratasi. Nilimuuliza nani amemfanyia hivyo, akaniambia mwewe. Mimi niseme huyo mwewe aache? Nimekuwa nikiwaambia akina mama wa kanisa kwamba mwanangu amepata mke mwenye mkono na watoto. Nimewachosha."

Nerima alihisi ardhi inasogea kidogo.

"Lakini Mzee Jackton alisema..."

"Mzee Jackton alisema alilopewa. Huyu," alimnyooshea mwanawe kidole, "huyu alikuja nyumbani akatuambia wewe mwenyewe umechoka. Kwamba miguu inakuuma, unataka kuacha, ila unaona haya kumwambia baba yako kwa kuwa anajivunia. Kwamba umemwomba wazee walitaje siku hiyo ili upate njia. Mimi nilisikitika. Niliuliza, je, Amondi itakuwaje? Akasema atapata kitu kingine. Jana uliposema humjui, nikasema msichana huyu ni kigeugeu, anaomba jambo na likifanywa anatutemea mate."

Upande wa pili Kavata alipuliza filimbi, na watoto wote wakaikanyaga mipira yao isimame kama walivyofundishwa.

Nerima alimgeukia Otiende. Alikuwa amekasirika tangu jana, lakini kumbe ile ilikuwa hasira ya mwanzo mwanzo. Hii ya sasa ilikuwa imetulia, na ilimtisha.

"Umesimama hapa sasa hivi," alisema, "umemtwika mama yako mzigo huu mbele yangu, na macho makavu. Na kwake umenitwika mimi. Kila mmoja wetu amemlaumu mwenzake bure. Nani alisema niache mpira, Otiende?"

"Naweza kueleza."

"Sikuombi maelezo. Nimeuliza nani."

"Mimi," alisema. Ilitoka kama jino. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

Alitazama chini. "Kuna video. Kavata aliiweka mtandaoni, wewe unatambaa, watoto wamekupanda mgongoni, nywele zote mchanga. Ikafika ofisini. Jamaa mmoja akasema, huyu si bibi yako mtarajiwa, mbona anafanana na punda wa mkokoteni. Wakacheka. Na mimi nikacheka, Nerima. Nikacheka pamoja nao. Halafu nikaona haya kwa kuwa nilicheka, na kila nikikuona hapa nakumbuka nilivyocheka. Nikaona ukiacha, yataisha."

"Maskini mimi," mama yake alisema, si kwa huruma.

Lilimchoma Nerima neno lile la punda, asidanganye mtu. Alimwona Otiende kwenye ofisi hiyo na kikombe chake cha chai, anacheka ili asichekwe, na alitaka kumzaba kofi. Lakini papo hapo, jamani moyo ni kitu cha ajabu, kuna mahali pake palilegea. Kwa sababu hili lilikuwa neno la kwanza la kweli tangu jana, na alikuwa amelisema mwenyewe, na lilikuwa limemgharimu. Mtu anayeweza kusema "na mimi nikacheka" bado anaweza kufanywa kitu. Alimtazama, na Otiende aliuona mtazamo ule akautambua, kwani ulikuwa umewahi kumshika mara moja, siku ya viatu.

"Umenitukana," Nerima alimwambia. "Lakini leo umesema kweli. Sasa malizia. Unataka nini?"

"Unajua ninachotaka."

"Sijui. Jana nilisema sikujui watu wakafikiri ni ukaidi. Mimi nipo hapa, mama yupo. Hakuna msemaji leo. Niambie unataka nini, kwa mdomo wako, nami nitakusikia."

Na hapa niseme wazi, angesema lolote. Angesema nisamehe, ingetosha. Angesema nakutaka na bukta yako na mchanga wako, na Jumatatu nitaingia ofisini niwaambie hivyo, wangetoka pale wameshikana mikono na kuku wa jana angepashwa moto. Nerima alikuwa amekwisha kumsamehe nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa inangoja sababu ndogo tu.

Otiende akamgeukia mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie basi."

"Nimwambie nini?"

"Wewe ndiye unajua kuongea naye. Amekusikiliza vizuri. Mwambie... mwambie tu arudi."

Mama Otiende alimkazia macho mwanawe. Hasira aliyokuja nayo kutoka kanisani ilikuwa imehama kwa msichana, sasa ikapata mwenyewe.

"Nilikuzaa, Otiende," alisema. "Kukutongozea siwezi."

Kitu kilijifunga ndani ya Nerima, polepole. Hakufoka. Kufoka ni kwa mtu unayetumaini atasikia. Alimsogelea Otiende mpaka akaweza kunusa sabuni ya shati lake, ile harufu iliyomkosesha usingizi miezi mingi.

"Nakupenda," alimwambia. "Nimekuja kukwambia mwenyewe, sijamtuma baba wala Mourine. Nakupenda, na itanichukua muda mrefu kuacha. Na kwa mdomo huu huu nakwambia sitaolewa na wewe."

"Nerima, usifanye hivyo. Mama, msikie."

"Nimemsikia," alisema Mama Otiende. "Kila neno."

Nerima alipangusa uso kwa kiganja cha mkono, vumbi likachanganyika na machozi. Akaokota ule mkoba, akaukung'uta, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

"Amondi aendelee kuja, mama. Yeye hana kosa."

"Nitamleta mwenyewe," alisema Mama Otiende. "Kila wikendi. Mchungaji atanisamehe."

Walishikana mikono muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Kisha Nerima alirudi kwa watoto, akatandaza mikono yake, nao wakatawanyika na mipira yao wakipiga kelele. Mama Otiende akaenda akaketi kumngoja mjukuu wake. Otiende alibaki kando ya ukuta, akimtazama huyu, akimtazama yule, akingoja mmoja wao amwambie afanye nini, na hakuna aliyemwambia.